Sentimita Sita

Tarehe 9 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nimefika, nimekula, nimelala, na koti alilonipa baba linanitosha kila mahali isipokuwa mikono, ambayo haijawahi kutoshwa na kitu chochote. Msalimie. Mwambie sikupotea uwanja wa ndege kama alivyotabiri. Nilisimama tu mahali pamoja nikangoja, na watu wa klabu wakaniona wenyewe kutoka mbali.

Nimepewa chumba ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi. Kitanda ni kifupi, kwa hiyo nimekiunganisha na kiti ili miguu nayo ipate pa kulala. Dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine, na ukuta huo una nyufa ninazozifahamu sasa kuliko nyuso za wenzangu. Mazoezi ni asubuhi na alasiri, kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao inayolia chini ya viatu kama panya mia moja.

Uliniuliza mtu anaajiriwaje kucheza. Mimi ni senta. Tukishambulia, nasimama karibu na kikapu, nimekipa mgongo, napokea mpira, nageuka, nafunga. Tukishambuliwa, mimi ni bawabu: nazuia wanaotaka kuingia, na mpira ukigonga chuma ukarudi, naudaka. Basi. Ni kazi ya kukaa mlangoni pa nyumba ambayo kila mtu anaitaka.

Siku ya kwanza daktari wa viungo alinipima ukutani. Akaandika mita moja na sentimita themanini na nane. Kocha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora, akaitazama ile karatasi.

"Waliniandikia tisini na nne. Sita zimekwenda wapi?"

Nikamwambia kocha wangu wa chuo alinipima nimelala chali sakafuni. Hakucheka. Daktari akanirudisha ukutani, akasukuma mabega yangu nyuma kwa viganja, akanyanyua kidevu, akapima tena. Tisini na nne.

"Basi," akasema kocha, "hizo sita ndizo nilizozifuata. Hizo nyingine ninazo tayari."

Maana yake ni kwamba ana senta mwingine, mgeni kama mimi, wa miaka thelathini na mbili, wanamwita Komandoo. Mwaka huu klabu inaruhusiwa wageni wawili. Msimu ujao sheria ya ligi inabadilika na atabaki mmoja. Nataka niwe mimi. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaitazama, nikataka kuifuta. Nimeiacha.

Naendelea vizuri. Nachezeshwa.

Mwanao


Tarehe 3 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mguu wa baba yako umepona, sasa anazunguka mtaani akitafuta wa kumweleza ulivyokuwa unauma. Jirani yangu wa ukuta mmoja, fundi redio, amenunua deki ya video, na tangu siku hiyo amekuwa mtu mkubwa, hasalimii mpaka asalimiwe. Mimi niko kwenye sare za shule. Nimeshona kola mpaka naziona nikifumba macho.

Barua yako nimeisoma. Kuhusu kitanda na nyufa umeandika ukurasa mzima, na kuhusu mpira umeandika "nachezeshwa". Neno moja. Mimi ni fundi, mwanangu. Mteja akinisifia vifungo tu, najua gauni halijamkaa. Unachezeshwa dakika ngapi?

Baba yako anasema mwalimu mkuu ameahidi kukushikilia ile nafasi ya kufundisha hesabu mpaka mwezi wa sita. Nimekufikishia kama nilivyopewa, sikuongeza chumvi.

Hayo ya kupimwa ukutani pia nimeyasoma. Huyo daktari ana mikono ya nguvu. Usikubali kila mtu akusukume.

Vaa soksi.

Shangazi yako


Tarehe 30 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi mguu wa baba umepona, ingawa nawahurumia majirani. Fundi redio mwambie nimemsalimia mimi kwanza.

Dakika nne. Umeuliza, ndizo hizo. Michezo sita, dakika nne kwa jumla, zote wakati matokeo yameshajulikana na watu wanatafuta makoti yao.

Mazoezini napangwa dhidi ya Komandoo. Hanizidi urefu; nikinyooka namzidi. Lakini nikipata mpira mwili wangu unajikunja wenyewe, nauleta mpira kifuani kama mtu anayeficha kitu, na wale wafupi wanakuja kuupora mikononi mwangu. Wanaupora kirahisi mno, Shangazi, kama wanachuma. Kocha anapiga kelele: "Mpira hauna shughuli yoyote chini ya kidevu chako!" Najua. Nimeandika kwenye karatasi, nimebandika juu ya kitanda. Kujua hakunisaidii. Kuna wakati nasimama uwanjani najiona kwa mbali, mtu mkubwa anayeomba radhi kwa ukubwa wake, na namchukia.

Komandoo anayo salamu yake. Kila akinipita anainama kidogo, anaweka mkono sikioni, ananiuliza: "Habari za huko chini?" Ukumbi mzima unacheka. Nami nacheka, ndiyo mbaya zaidi.

Daktari wa viungo amenipa dawa: mpini wa ufagio. Naupitisha nyuma ya mgongo, nauzuia kwa viwiko, napanda na kushuka ngazi za jengo mara thelathini. Mpangaji wa ghorofa ya pili anadhani nafagia dari. Misuli ya katikati ya mabega, ambayo sikujua kama ninayo, inauma mpaka nashindwa kuchana nywele.

Nina ombi. Mwezi wa kumi na mbili kuna hafla ya klabu, na picha ya timu itapigwa hapo. Jezi haziruhusiwi. Nilijaribu gauni moja dukani, likawa blauzi. Tafadhali nishonee. Vipimo vyangu vyote unavyo kwenye daftari lako. Rangi chagua wewe.

Mwanao


Tarehe 22 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Wote hatujambo. Mama muuza sabuni wa pale mbele kaoza binti yake, nami nimeshona magauni kumi na moja ya watu ambao hawakutaka kufanana na wote wakaleta kitambaa kimoja.

Gauni hilo hapo. Rangi ya zambarau. Nimekata kwa vipimo vya daftarini kama ulivyosema. Pindo nimeacha nene, likihitajika lishushwe.

Hizo dakika nne usimwambie baba yako. Nimemwambia kumi.

Shangazi yako


Tarehe 23 Desemba

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa kazi za mwisho wa mwaka. Msalimie baba na umshukuru kwa kuziamini zile dakika. Sasa hivi napata nane. Komandoo alipigwa kiwiko, akapoteza nusu ya jino, akalitema kwenye kiganja cha daktari akaendelea kucheza. Ndipo nilipojua jina lilikotoka.

Gauni lilifika siku mbili kabla ya hafla. Nilipolitoa kwenye karatasi lilikuwa na harufu ya chaki na pasi yako, nikakaa nalo kitandani kwanza. Hujawahi kunishonea rangi inayoonekana. Halafu nikalivaa.

Halikunikaa. Mbele lilipanda, pindo likawa juu ya magoti, kifua kikabana. Mgongoni kitambaa kilijaa, kikafanya mfuko chini ya shingo ambao ungeweza kutia machungwa mawili. Nilidhani umechoka. Nilidhani, unisamehe, umezeeka. Nikalipeleka kwa mama mtunza jezi, yule anayeshona namba zetu. Akanizunguka mara mbili, pini mdomoni.

"Nani kakushonea?"

"Shangazi yangu. Nadhani safari hii amekosea."

Akatoa pini mdomoni. "Hebu inama. Inama kama ulivyokuwa siku unafika hapa."

Nikainama. Gauni likashuka mahali pake, mbele na nyuma, kama maji yanavyotulia kwenye beseni. Hapakuwa na mkunjo hata mmoja.

"Umeona?" akasema. "Huyo hajakosea. Huyo ni fundi kunizidi. Ameushonea mgongo wako."

Kwenye hafla ilinibidi nichague: ama gauni likae, ama nisimame. Nakutumia picha. Nimesimama, na gauni limepanda kama la mtoto aliyekua ghafla.

Tangu siku hiyo nazikumbuka sare zangu zote, na lile gauni la kijivu la siku ya mahafali. Hakuna hata moja iliyonibana nikiwa nimeinama. Zote zilinibana niliponyooka. Nilidhani ndivyo nguo zilivyo.

Nina swali moja tu. Ulijua?

Mwanao


Tarehe 30 Januari

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya tano hii sijapata barua. Pengine posta. Kama ni mguu wa baba umerudi, niambieni.

Napata dakika kumi na tano. Jumamosi nilidaka mipira tisa iliyorudi kutoka kwenye ubao. Nikiwa na mpira juu ya kichwa wale wafupi wananizunguka wakirukaruka, na kwa mara ya kwanza nimeona nyuso zao kutoka juu. Wana wasiwasi. Sikujua kwamba muda wote huo walikuwa na wasiwasi.

Kuhusu lile swali, sina hasira. Hilo si kweli. Ninayo, lakini si kubwa kuliko hamu ya kusikia kutoka kwako. Andika hata mistari miwili. Hata ya soksi.

Mwanao


Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako mzima, mguu mzima, posta nzima. Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara saba. Nimekata karatasi nyingi kuliko kitambaa. Leo nimefunga mlango wa duka, nimemwambia mama muuza sabuni naumwa jino.

Nilijua.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yako alikuleta upimwe sare, ulikuwa umerefuka muhula huo kama mtu aliyevutwa, na wenzako walishaanza kukuita Ngazi. Ukasimama mbele yangu umekunja mabega. Fundi yeyote, hata wa kujifunza jana, kabla hajaweka tepu humwambia mteja: simama wima. Ni neno la kwanza la kazi yetu. Mimi sikukuambia. Nilikuona jinsi ulivyokuwa unajificha ndani ya mwili wako, nikakuonea huruma, nikapima ulivyo. Mgongoni nikaongeza inchi moja na nusu, mbele nikapunguza. Ulipovaa ukakaa vizuri, ukajitazama kiooni, ukasema, "Shangazi, hii haionyeshi." Nikajua unamaanisha nini. Nikasema, "Eh, haionyeshi."

Mwaka uliofuata nikaongeza robo inchi. Uliofuata tena. Sijui ni wewe uliyekuwa unazidi kuinama nikakufuata, au ni nguo zilizokuwa zinakuvuta ukanifuata. Mtoto akivaa nguo inayombana akinyooka, anajifunza kutonyooka. Hilo nilikuwa nalijua. Nilidhani nakusitiri. Nilikuwa nakukunja na kukupiga pasi.

Na hili gauni la zambarau nalo sikukosea. Uliniandikia habari za daktari na mpini wa ufagio. Nilisoma. Nilijua unanyooka. Nikakata vilevile, mwanangu, kwa mkono huu. Nimejiuliza kwa nini, na jibu sikulipenda, ndiyo maana barua imechelewa.

Hili baba yako analijua ila hatulizungumzi. Nilipokuwa msichana nilimzidi yeye kwa kichwa kizima, naye ni mdogo wangu kwa mwaka mmoja tu. Tulipotumwa dukani watu walimuuliza kama amekodi mlinzi. Nilicheza netiboli shuleni, nilikuwa nadaka kila kitu. Siku moja tulipokuwa tunaingia uwanjani, mtu mmoja akasema neno, uwanja wote ukacheka, na mimi nikatoka nikasema nina homa. Sikurudi tena. Nikachagua kazi ya kukaa. Nyuma ya cherehani hakuna anayejua urefu wa mtu. Nina wateja wa miaka ishirini ambao wakinikuta sokoni wananipita, wanadhani ni mtu mwingine.

Basi nilipokuona unafanana nami nikakushonea nilichojishonea. Na uliponiandikia kwamba unanyooka niliogopa. Mtu ukinyooka wanakuona, na wakikuona wanasema, na mimi sitakuwepo nikufungie mlango.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba vipimo vipya. Vichukuliwe na huyo mama mtunza jezi, maana anaijua kazi. Ukurasa wako wa daftari nimeuchana.

Shangazi yako


Tarehe 18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Mama mtunza jezi anakusalimu, anauliza unakataje begani ili mkono mrefu unyanyuke bila kuvuta ubavu. Anasema ni swali la fundi kwa fundi, si la kuniambia mimi.

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaenda mazoezini na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, nikacheza vibaya kiasi kwamba kocha alinitoa nje. Nikakaa benchi nikifikiri. Kuna kitu hukukiandika, nami nakikumbuka vizuri. Uliponivalisha ile sare ya kwanza uliniuliza, "Niirekebishe?" Nikasema usiiguse. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, lakini nilijua ninachosema. Tulikuwa wawili, Shangazi. Hukunikunja peke yako.

Halafu nikarudi uwanjani. Komandoo akaja na salamu yake, mkono sikioni, "Habari za huko chini?" Sijui ilitoka wapi. Nikamjibu: "Pandisha sauti, huku juu sikusikii."

Ukumbi ukalipuka. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka lile jino nusu likaonekana. Akanipiga kofi mgongoni, katikati ya mabega, palepale panapouma, akasema, "Sasa ndiyo tuanze kazi." Na kweli, kuanzia siku hiyo ananisukuma mara mbili ya zamani, lakini baada ya mazoezi anabaki nami. Ananionyesha jinsi ya kumsikia mpinzani kwa mgongo, ameegemea upande gani, lini anachoka. Nilimuuliza kwa nini ananifundisha wakati tunagombea nafasi moja. Akasema hataki kuondolewa na mtu asiyejua kucheza. Ataona aibu.

Tumeingia nusu fainali. Jana kocha alituita ofisini wote wawili. Hana maneno mengi. Alisema tukifika fainali, atakayemwanzisha ndiye atakayebaki naye. Uamuzi wake tutaujua siku hiyohiyo, chumba cha kubadilishia nguo, si kabla.

Nataka niwe mimi. Leo sentensi hiyo sikuwa na haja ya kuitazama.

Mwanao


Tarehe 4 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na baba pia.

Huu hapa mkanda wa video, fainali nzima, kuanzia timu zinapoingia. Nimeufunga kwa soksi mbili ili usivunjike. Barua hii haitakuambia chochote kwa makusudi. Wachezaji wawili, mmoja kila timu, huingia kwenye duara la katikati, mwamuzi anarusha mpira juu, wanaurukia. Anayeingia kwenye duara kwa upande wa jezi nyeupe ndiye senta aliyeanza. Tazama hapo.

Mwambie fundi redio nimemwomba kwa heshima zote.

Mwanao


Tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na nyingine uiweke akiba.

Habari za nyumbani ni hiyo video tu, hakuna nyingine. Fundi redio alipanga viti dukani kwake tangu saa tisa mchana, akamsimamisha mpwa wake mlangoni akague nani ni ndugu na nani ni mbea. Wote wakasema ni ndugu. Mama muuza sabuni alikuja na kiti chake. Baba yako alisema yeye hana haja na mpira, amekuja kutazama tu kama deki inafanya kazi, akakaa kiti cha mbele kabisa.

Timu zikaingia. Mimi nilikuwa katikati, nakutafuta. Nikamwona mwenye jino nusu, nikamtambua kwa ulivyoniandikia, amekaa benchi na taulo shingoni. Moyo ukanilipuka, nikajisemea, tulia, pengine na mwanao yuko benchi. Nikakutafuta benchi. Hukuwepo. Nikasema wamemficha wapi mtoto wangu? Na kule katikati kuna msichana wa jezi nyeupe anatembea kuingia kwenye lile duara, taratibu, mabega nyuma, shingo ndefu, kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Nikasema huyu naye ni nani.

Sikukutambua. Nisamehe, nilikuwa nakutafuta kwa mgongo.

Baba yako ndiye aliyesema. Aligeuka kwenye kiti akanitazama, akaitazama televisheni, akanitazama tena. Akasema, "Dada. Huyo si wewe?"

Mwamuzi akarusha mpira, wewe ukaruka, ukaupiga kwa vidole ukaenda kwa wenzako, na hapo ndipo nilipopata pumzi.

Mchezo wenyewe sitakusimulia, ulikuwepo. Nikuambie tu ya huku. Ulipomzuia yule mnene wa jezi nyekundu mpira ukarudi ukampiga yeye mwenyewe usoni, mama muuza sabuni alisema, "Angalau kanawa." Mlipozidiwa kwa pointi kumi na moja fundi redio alitaka kuzima, akasema deki inapata moto. Baba yako akamwambia ajaribu aone kitakachopata moto. Mkafuta mbili, mkafuta tano. Kila wakikupa mpira ulikuwa juu, kule juu kabisa, na wale wafupi wanaruka chini yako kama wanaoanua nguo kwenye kamba ya mtu mwingine. Nilianza kuhesabu sekunde kwa sauti na sijui kuhesabu za kurudi nyuma, mwalimu wa hesabu ni wewe.

Ile ya mwisho. Mnaongoza kwa moja. Yule mfupi wao anatupa kutoka mbali, mpira unagonga chuma, unapanda. Watu sita chini. Ukanyanyuka kutoka katikati yao, mwanangu, nikaona mikono yako, mikono hiyo ambayo hakuna koti linaloitosha, ukaudaka kwa mikono miwili, ukatua, ukabaki nao juu. Mmoja akaning'inia kwenye kiwiko chako. Mwingine akakuvuta jezi. Haukushuka. Filimbi ikalia, na wa kwanza kukufikia alikuwa yule mwenye jino nusu, ametupa taulo, amekukumbatia kiunoni anajaribu kukubeba, na hawezi.

Kesho yake asubuhi baba yako alivaa shati lake jeupe akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kumwambia wasikusubiri. Alikaa huko saa tatu nzima. Nasikia alianza na mguu wake, akamalizia na wewe.

Lakini nikurudishe kidogo dukani. Mpira ule ulipokuwa bado hewani, kabla hujaudaka, mimi nilisimama. Sikupanga. Miguu ilijisimamia. Nikasimama wima, mpaka mwisho, kichwa changu karibu na balbu, katikati ya duka, mbele ya watu walioniona nimekaa kwa miaka ishirini. Nyuma mtu akasema, "Kumbe fundi ni mrefu hivi?" Na mama muuza sabuni akapaza sauti: "We mama, kaa chini, hatuoni!"

Sikugeuka. Nikamwambia fundi redio arudishe mkanda mwanzo, tuanze tena kwenye duara. Na wale wa nyuma nikawaambia wasogeze viti.

Wakasogeza.

Shangazi yako